Kesho Unipe Mgongo

Faraja mwanangu,

Barua hii haina salamu. Nilianza mara mbili kwa "natumaini u mzima, mimi pia ni mzima", na mara zote mbili nikachana karatasi. Si kwamba nimesahau adabu za barua. Tulifundishwa sekondari na bado nazikumbuka. Ni kwamba leo sitaki salamu, zako wala zangu, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Ni saa tisa alasiri. Wewe umekwenda Vwawa kumuaga bibi yako na utarudi na magari ya jioni. Nimefunga kibanda, nimekaa kwenye cherehani, naandikia juu ya kifuniko chake. Nikimaliza nitaiweka barua ndani ya kofia yako ngumu, ile ya njano, kwa sababu najua ukirudi utaichukua kuipanguza tena ingawa haina hata chembe ya vumbi. Isome leo hii. Usiiweke ya kusomea kwenye lori. Humu kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hujashika kamba kesho asubuhi.

Ya blanketi, dawa na sufuria sitayaandika. Una akili, na hata ukisahau sufuria, huko Chitete, Momba, mnakokwenda kuchimba kisima, zinauzwa.

Nina hasira, Faraja. Nina hasira tangu Jumamosi na wewe unajua, maana tangu Jumamosi unanijibu "ndiyo mama" na "hapana mama" kama mtu anayehojiwa na askari wa mpakani. Jana nilipokuuliza kama utakula, ukasema, "Mama, sema tu unataka niondoke. Hasira zako ni za ndoa mpya. Nyumba ni ndogo, nimeelewa." Ukaingia chumbani kwako, mlango ukaufunga polepole. Bora ungeubamiza.

Ngoja nianze na hilo la ndoa, kwa sababu limenichoma. Ndiyo, nina furaha. Hii ni wiki ya sita, na bado asubuhi nikiona buti za Sichone mlangoni, zimejaa tope la visima vya watu, moyo unaniruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Juzi nilitia chumvi kwenye chai kwa kumuwaza, na yeye akainywa yote akasema ni tamu. Ananiita bibi harusi mbele ya wateja, wateja wanacheka, na mimi nacheka kuliko wao. Alipovuka mpaka kutoka Nakonde na kile kitenge cha bluu akaniambia, "Nilikiona nikajua kilikuwa kinakusubiri wewe," nililia barabarani, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mbele ya muuza mahindi ya kuchoma. Sioni haya. Miaka kumi na saba nimezeeka na cherehani. Mungu akinipa mtu, niacheni nideke.

Lakini furaha hiyo haikufukuzi wewe. Hakuna mume, hata huyu wangu mzuri, atakayenitosha nikikupoteza. Na Jumamosi nilikuona unapotea.

Wewe hujui ulichofanya Jumamosi. Nitakusimulia nilivyokiona mimi.

Tulikuja pale yadi ya Chapwa, mimi na Sichone, na chapati zenu kwenye hotipoti. Mlikuwa mnaijaribu winchi kabla ya safari. Bomba la chuma, lile refu linaloteremshwa kisimani kuzuia udongo usibomoke, lilikuwa limeshanyanyuliwa kwenye lori na linaning'inia kwenye waya. Wewe ndiye uliyeshika kamba iliyofungwa chini yake ili lisiyumbe. Nilikuona tangu getini. Umesimama vizuri, miguu umeitanua, kamba hujajizungushia mkononi. Nilijivuna hadi nikamfinya Sichone nikamwambia, "Yule ni wangu."

Kisha ukaniona.

Ukaachia kamba. Ukapiga magoti yote mawili kwenye kokoto, ukakunja viganja, ukapiga makofi ya salamu taratibu, kama nilivyokufundisha. "Shikamoo mama. Shikamoo baba." Na nyuma ya kichwa chako bomba likaanza kugeuka.

Opareta aliwahi breki. Yule mwenzako mnene mnayemwita Bonge aliirukia kamba akaning'inia nayo. Bomba likapita hewani, hatua moja tu kutoka begani kwako. Wewe hukuliona. Ulikuwa umeinamisha macho, kwa heshima.

Na watu wakakusifu! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Mzee wa getini akapiga makofi, "Mama Faraja, hapo umelea! Mabinti wa Tunduma siku hizi wanakusalimia huku wanatafuna bazoka." Mwingine akadakia, "Atakayekuja kumposa huyu aje na ng'ombe wa kweli, si picha za ng'ombe kwenye simu." Wakacheka wote. Na mimi nikakufokea mbele yao, "Inuka, mpumbavu wewe! Inuka hapo!" Hotipoti ikaniponyoka. Ukaniuliza, macho yamejaa maji, "Mama, nimekosa nini?" Nikageuka nikaondoka, chapati nikaziacha kwenye kokoto.

Umekosa nini. Nakujibu sasa.

Nilikuambia baba yako alikufa kwa sababu waya wa winchi ulikatika. Ni uongo. Waya haukukatika. Ulikuwa mpya. Ndoano ilikuwa na kilimi chake cha kufungia, breki zilishika, mashine nzima ilikuwa nzima kuliko hizo mnazokwenda nazo kesho. Uongo huo niliutunga mimi ulipokuwa na miaka sita, uliponiuliza nikiwa natia uzi kwenye sindano. Nilisema "waya" bila kuinua macho, kwa sababu nilikuwa nimeshika uzi. Hivyo tu.

Na wewe uliuchukua ukaufanya maisha yako. Darasa la nne ulikuwa unaokota waya za breki za baiskeli, unazikunja na kuhesabu nyuzi zilizokatika. Ulipochagua chuo cha ufundi ulisema, "Mama, mimi nitakuwa mtu wa kukagua waya." Umekuwa. Sichone anasema hajaona mtu anayepitisha kitambaa juu ya waya kwa subira kama wewe, unangoja kinase kwenye uzi uliochomoka. Kila alipokusifu niliinamisha uso kwenye cherehani. Nilikuwa nimekutuma kumtafuta muuaji kwenye nyumba ambayo hakuwahi kukaa.

Sasa sikiliza alipokaa.

Baba yako alikuwa mshika kamba kama wewe. Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa na kahawa yake milimani kule Mbozi na alitaka kisima. Kampuni iliyokuja kuchimba ikawa ileile aliyofanyia kazi baba yako, Eliya. Fikiria fahari yangu! Mume wangu anamchimbia baba yangu maji. Nilifunga kitenge changu kizuri, nikakushika mkono, tukaenda kukaa pale siku zote za kazi ili nionekane.

Siku ya kwanza babu yako alipita karibu na mashine. Eliya alikuwa na kamba mkononi, akamwinamishia kichwa tu. Wakati wa kula ndipo babu yako akamwambia mama yangu, kwa sauti ya kunifikia mimi jikoni, "Huyo mkwe wetu siku hizi ananipita kama nguzo ya simu."

Maneno hayo yaliniunguza. Nilimfuata baba yako alipokuwa ananawa.

"Unaniaibisha kwa wazazi wangu."

"Mama Faraja, nilikuwa na bomba hewani."

"Na baba yangu alikuwa ardhini, kwa hiyo hafai? Kupiga makofi mara mbili kutakuua?"

Nilisema hivyo. Sijayapunguza wala kuyaongeza. Kutakuua.

Akacheka, baba yako alikuwa mtu wa kucheka, akasema, "Haya basi, mke wangu, nitamsalimia." Mimi sikucheka. Nilimnunia siku mbili. Chakula niliweka mezani bila kumkaribisha. Alinitania kwa jina la utani alilonipa tukiwa wachumba, nikajifanya kiziwi. Nilikuwa na mdomo mrefu hivi, kwa ajili ya makofi mawili.

Kitu kingine. Kampuni ilikuwa na utepe wa kuzungushia mashine ili watu wasisogee. Haukufungwa. Msimamizi wao alisema huwezi kumwekea mwenye mji utepe kwenye uwanja wake mwenyewe, ni kama kumfukuza kwake. Babu yako alishukuru sana kwa heshima hiyo. Ukiangalia vizuri, pale kila mtu alikuwa na heshima. Heshima ilijaa uwanja mzima, na juu yake bomba la chuma.

Siku ya tatu babu yako akaja na fimbo yake, akasimama pembeni kidogo. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko napepeta mahindi. Eliya akanitazama mimi kwanza. Akanitazama na tabasamu, kama anayesema, "Haya, ona sasa." Akaachia kamba. Akavua kofia ngumu, kwa sababu mwanamume gani anamsalimia baba mkwe na kofia kichwani? Akaiweka chini vizuri, kando ya goti. Akachutama. Akapiga makofi. Opareta alikuwa anatazama juu kwenye kapi, anajua chini kuna mtu ameshika. Uwanja ule una mteremko. Bomba likayumba kufuata mteremko, upande aliochutama yeye.

Alikuwa bado ameinamisha kichwa.

Ungo ulibaki mikononi mwangu. Nakumbuka niliendelea kupepeta. Sijui nilipepeta kwa muda gani.

Msibani walisema nini? Walisema, "Amekufa na adabu zake." Mzee mmoja baada ya mwingine, wanatikisa vichwa, wanaridhika. Na babu yako aliibeba kauli hiyo hadi kaburini kwake. Kila mgeni aliyekuja kunywa maji ya kisima kile alimwambia, "Mkwe wangu mimi alikufa akinisalimia," kama mtu anayeonyesha cheti ukutani. Siku moja alisema hivyo nikiwa namimina chai. Nilitamani kuimimina kichwani kwake. Sikuimimina. Nilimpa kikombe kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, mwanangu, na sehemu kubwa yake ni juu yangu mimi mwenyewe. Ungedhani mwanamke aliyeona hayo angerudi nyumbani akavunja magoti yote ya dunia. Mimi nilifanya nini? Niliogopa watu wasije wakasema mtoto asiye na baba hana malezi. Nikakufundisha kupiga magoti kabla hujajua kuhesabu mia. Unakumbuka siku uliyomsalimia jirani ukiwa umesimama kwa sababu ulikuwa umebeba ndoo ya maji kichwani? Nilikuchapa na mpini wa ufagio. Ulikuwa na miaka minane. Uliniambia, "Mama, maji yangemwagika," na mimi nikasema, "Yamwagike!" Yamwagike. Mtoto alikuwa na akili ya mshika kamba tayari, na mimi nikaichapa hadi ikamtoka.

Kwa hiyo Jumamosi sikukufokea wewe. Niliiona kazi ya mikono yangu imepiga magoti kwenye kokoto, nikaifokea. Aliyekuwa mpumbavu pale ni mimi niliyebeba hotipoti. Lakini bado nina hasira na wewe pia, usifikiri umepona. Umesoma. Una cheti. Ulijua kamba ile haiachwi. Uliijua kwa kalamu, na magoti yako yakajua kitu kingine, na ukayasikiliza magoti.

Sasa nikuambie nilivyompata Sichone, maana wewe unajua tu kwamba alikuja kibandani kushonesha. Umewahi kumnong'oneza rafiki yako kwamba ana kiburi, hasalimii watu akiwa kazini. Nilisikia. Ukuta wetu ni wa kusikilizana.

Msimu wa kahawa wa mwaka juzi walikuwa wanachimba kisima cha mtaa hapa Chapwa. Msimamizi wao alikuwa ameniletea ovaroli za kuziba, nikazipeleka mwenyewe. Tangu msiba wa baba yako nilikuwa sijasogelea mashine ya kuchimba. Nilijikaza. Nikapita chini ya utepe na mzigo wangu, nikasema kwa adabu, "Habari za kazi, jamani." Kulikuwa na mwanamume amenipa mgongo, ameshika kamba, bomba liko juu. Hakugeuka.

"Mama, rudi nyuma ya utepe."

"Nimesema habari za kazi."

"Nimesikia. Rudi nyuma."

Wanawake waliokuja kutazama wakaguna, "Lione! Viburi vya watu wa mpakani hivi." Nilirudi nyuma nikakaa juu ya jiwe na ovaroli mapajani, natazama mgongo ule. Mgongo mpana, shati limelowa jasho, haujali watu wanasema nini. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Usicheke. Wengine hupenda macho, wengine sauti. Mimi nilipenda mgongo.

Bomba likatua. Akalifunga. Akaujaribu mkono wa winchi kuangalia kama breki imekaa. Akavua glovu, akanawa mikono, akavuka uwanja wote hadi nilipo. Akavua kofia, akachutama mbele yangu, akapiga makofi taratibu. "Sasa naitikia, mama. Kazi ni njema. Salamu yako niliisikia, ila mikono ilikuwa imejaa."

Nililia, yeye akadhani nimekasirika. Akaomba radhi mara tatu. Wiki iliyofuata akaja kibandani na kamba ndefu na kitambaa chekundu, anataka nimshonee vibendera vya kuzungushia mashine. Wanawake wengine huletewa maua. Mimi niliposhona kibendera cha ishirini nilijua nitaolewa na huyu mtu, na nilipofika cha mwisho nilishona polepole ili asiondoke. Hadi leo akirudi nyumbani anasimama mlangoni na kuuliza, "Bibi harusi, naruhusiwa kuvuka utepe?" Nikianza kugomba jikoni ananyoosha mikono yote miwili juu, ishara yao ya kusimamisha winchi, na mimi nanyamaza, maana amenifundisha kwamba ishara ya kusimama haina cheo. Hata mpishi akiinua mikono, winchi inasimama kwanza, ugomvi baadaye.

Nimeshamuuliza yeye anafanyaje na wazee, kwa sababu wewe huko Momba utakutana nao. Watakuja, Faraja. Kisima ni sherehe. Mwenyekiti wa kijiji ataletewa kiti na atataka kiwekwe pale atakapoona vizuri, yaani chini ya bomba. Wanawake watakuja na ndoo na vigelegele maji yakianza kuruka, kila mmoja anataka kushika ya kwanza. Mchungaji atataka kuombea mashine ikiwa inanguruma. Wote ni watu wazuri. Ndiyo maana ni hatari. Mtu mbaya akikuambia uache kamba utamkatalia. Lakini mzee mwenye mvi akisimama mbele yako akingoja, na wewe ni binti, na kijiji kizima kinakutazama?

Sichone hufanya hivi. Kabla injini haijawashwa, waya umelala, bomba zote ziko chini, anawaita wazee na wenye mji. Anavua kofia. Anapiga magoti kabisa, si kuchutama, anapiga makofi kwa kila mmoja na kumuuliza habari za mashamba. Hana haraka. Akimaliza anawaambia, "Wazee wangu, salamu zangu zote za leo nimezitoa. Injini ikiwaka mimi ni bubu na kiziwi mpaka izimwe. Nikiwapa mgongo, msinisamehe, mnishukuru." Wanacheka, wanaelewa. Kisha anawaomba mmoja wao, yule mkubwa, afunge fundo la kwanza la utepe kwa mkono wake. Nani ataruka utepe alioufunga baba yake?

Ningelijua hilo! Ningelijua tu hilo, babu yako angefunga fundo, angejisifu nalo hadi kufa kwake. Kumbe kuna jambo dogo hivyo, la nusu saa asubuhi, na sisi wote hatukuliona, na mimi nikanuna siku mbili. Nikifikiri hapo natamani kuing'ata hii cherehani.

Yapo mengine unayoyajua kuliko mimi: usipite chini ya kitu kilichoning'inia hata kama ni kwa kukimbia tu, usiweke mkono karibu na waya unapojikunja kwenye roli la winchi, mwenye kutoa ishara awe mmoja. Umefaulu mitihani yake. Mimi nakupa lile ambalo halikuwa kwenye mtihani. Wakisema, "Mtoto wa nani huyu asiye na adabu?" waambie ni wa Mama Faraja, fundi cherehani, Tunduma. Waambie waje kunilalamikia. Nitawapa kiti, nitawapa chai, kisha nitawasimulia habari za makofi mawili, na tutaona nani atanyanyua kikombe.

Na ukisikia uchungu wa kuonekana mbaya, usikie. Unauma kweli, sikudanganyi. Mimi ule uchungu nilimsukumia mume wangu aubebe badala yangu, akaubeba.

Jumamosi, tulipokuwa tunarudi, nililia njia nzima. Sichone hakuniambia ninyamaze. Tulipofika hapa mlangoni ndipo akasema, "Mwambie. Usipomwambia wewe, bomba litamwambia." Nilimkasirikia hata yeye, nikamlaza na njaa. Lakini ndiyo hii barua.

Kama baada ya kuisoma utanichukia, nichukie. Una haki. Nimekuibia baba yako mara mbili, mara moja yeye na mara ya pili habari zake. Sitakuja kugonga mlango wa chumba chako jioni hii kukuuliza umefika ukurasa gani. Ukitaka kulala bila kusema nami, lala.

Ila kesho.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi mnapakia mabomba ya mwisho pale yadi. Nitakuja. Nitasimama nyuma ya utepe na Sichone wangu, nimefunga kile kitenge cha bluu. Sitakuita. Mzee wa getini atakuwepo, na wale wote waliokusifu watakuwepo, na watakuwa wanakungoja upige magoti yako maarufu. Utaniona kwa pembe ya jicho, maana bluu ile inaonekana mpaka Zambia. Bomba litakuwa hewani na kamba itakuwa mkononi mwako.

Nipe mgongo, Faraja.

Wakiguna, waache wagune. Wakisema, "Binti amebadilika, hamwoni hata mama yake," nitawajibu mimi, nina majibu ya miaka kumi na saba. Wewe tazama bomba. Litue, ulifunge, uvue glovu, ndipo uje, kama unataka kuja. Hapo piga magoti au usipige, kwangu ni sawa, mimi nitakuwa nimeshasalimiwa. Na kama hutaki kuja, panda lori. Nitakuwa nimeuona mgongo wako umenyooka, na nitarudi nyumbani nao.

Ni mimi mama yako, nyuma ya utepe.